“Mtoto Ameingia Kampuni”: Nasaha kwa Wazazi na Wanafunzi Wanaokwenda Fildi

 



Kila mwaka, kati ya mwezi wa Julai na Oktoba, husikika habari moja hapa Nangurukuru. Huanzia pale njia panda, mabasi ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara yanaposimama, ikapita sokoni, na kabla ya Laasiri imeshafika barazani msikitini: mtoto wa fulani ameingia kampuni. Watu wanampa mkono wa pongezi mzee wake. Mama yake anaulizwa kisimani kama sasa atabadilisha bati. Na ukimtafuta kijana mwenyewe ukamuuliza, utakuta ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo, amepata nafasi ya fildi ya wiki nane, na hajui atalala wapi.

Nimeona niandike juu ya jambo hili katika jarida letu kwa sababu wengi kati ya wanaolisoma watafika huko, Inshaallah, na kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu fildi si ya kweli, yanayosemwa na wanaoisifu na yanayosemwa na wanaoiogopa.

FILDI NI NINI

Fildi, au kwa jina lake la vitabuni mafunzo kwa vitendo, ni sehemu ya masomo. Chuo kinampeleka mwanafunzi kwenye kiwanda, hospitali, halmashauri au kampuni, akaone yale aliyosomeshwa darasani yanavyofanywa na watu wenye uzoefu. Anakuwa na kitabu cha kumbukumbu, wenyewe wanakiita logibuku, anaandika kila siku alichofanya. Msimamizi wa kampuni anatia saini, mwalimu wa chuo anakuja kumkagua, na mwisho anaandika ripoti na kupewa alama kama ya mtihani. Hayo ni mbali na mafunzo ya uzoefu kazini anayoyapata mhitimu baada ya kumaliza chuo, ambayo Serikali iliyatolea mwongozo mwaka 2017, na ni mbali na uanagenzi, ambao kijana hukaa karakanani zaidi kuliko darasani. Mzazi akichanganya haya matatu hesabu zake zote zitakwenda kombo.

Na zinakwenda kombo kweli. Tazama inavyokuwa. Ufuta umeuzwa mnadani, mzee amelipa madeni ya msimu, kilichobaki amempa kijana nauli na matumizi ya mwezi mmoja. Kijana anashuka Mbagala, anafikia kwa shangazi yake, chumba kimoja na binamu watatu. Anaamka saa kumi na moja alfajiri awahi gari. Wiki ya tatu simu zinaanza: “Mwanangu, huku hali ngumu, na wewe si uko kampuni?” Shangazi naye anaguna kwamba mtu mzima anayefanya kazi mjini hachangii hata kiroba cha unga. Kijana anaona haya kusema kwamba halipwi, kwa sababu nyumbani walishatangaza.

Wapo wanaopata posho kidogo kutoka kampuni, hasa ya nauli na chakula cha mchana, na wapo wengi wasiopata kitu. Kwa wenye mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo kwa miaka mingi imekuwa ikihesabu shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Zidisha mwenyewe, inakuja 560,000, na humo atoe chumba, nauli ya kwenda na kurudi, chakula, vocha, na uchapaji wa ripoti. Wengi wa stashahada na wa VETA hawana hata hiyo.

Kijana mmoja aliyepita katika madrasa yetu, jina lake ninalihifadhi, alitumiwa simu za namna hiyo mpaka akaingia kwenye mikopo ya simu, ile ambayo leo unachukua elfu ishirini na wiki ijayo unarudisha zaidi. Akawa anakopa huku analipa huku, ili nyumbani ionekane ametuma. Baba yake ni mtu wa safu ya mbele msikitini, hakosi Alfajiri. Alikula riba miezi miwili bila kujua, na aliyemtia humo mwanawe ni yeye mwenyewe, kwa simu yake. Mzazi, mtoto wako akiwa fildi, mpigie simu umuulize amejifunza nini leo. Mkiweza mtumieni. Msipoweza nyamazeni, mumuombee dua.

BABU ZETU WALIIJUA

Kuna watu wanadhani kwamba kufanya kazi kwa mtu bila mshahara ili ujifunze ni jambo jipya lililoletwa na vyuo. Si kweli. Katika pwani yetu hii, kijana aliyetaka useremala wa majahazi alipelekwa kwa fundi. Miezi ya kwanza alibeba vyombo, alifagia maranda na kuteka maji. Kisha akaachiwa kutia kalafati, kisha kushika randa, na siku moja fundi akampa ubao akamwambia, “Haya, chonga.” Mshahara hakuulizia mtu. Alipohitimu, wazazi wake ndio waliompa fundi kilemba. Na sisi wa madrasa tunajua zaidi, kwa maana mwanafunzi aliyeanza na alifu kwa kijiti huku akiteka maji ya mwalimu wake ndiye leo anasomesha.

Lakini katika utaratibu ule wa zamani kulikuwa na jambo ambalo leo limepotea. Mzazi alikwenda mwenyewe kwa fundi. Walikaa, wakasemezana mbele ya watu: mtoto atakula wapi, atalala wapi, atakaa muda gani, fundi anaahidi kumfundisha nini. Kijana alipoanza, pande mbili zilishajua haki zao. Sasa hivi kijana anapeleka barua ya chuo getini, mlinzi anaitia kwenye boksi, anapigiwa simu “njoo Jumatatu,” na hakuna anayeuliza swali hata moja. Anaingia kama mtu anayeogelea usiku.

Qur’ani Tukufu imetupa mfano ulio wazi kuliko wote, nao uko katika Suratul Qasas. Nabii Musa (a.s.) alikimbia Misri akafika kwenye maji ya Madyan, akiwa hana mali wala jamaa. Akawakuta mabinti wawili wamewazuia wanyama wao kwa sababu wachungaji wanaume wamejaa kisimani. Akawanyweshea bila kudai kitu, akarudi kivulini kumuomba Mola wake. Alipoitwa na baba yao, mmoja wa mabinti akashauri aajiriwe, na sifa alizozitaja zilikuwa mbili tu, nguvu na uaminifu. Mimi kila nikiipita aya ile najiuliza kama katika watu mia wanaomtafutia mtoto nafasi leo wapo wawili wanaouliza hizo mbili, badala ya kuuliza “una mtu pale ndani?”

Sasa angalia yule mzee alivyofanya. Alitaja masharti kabla ya kazi kuanza: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake Musa. Akasema kwamba hataki kumtaabisha. Musa naye akarudia sharti lile kwa kinywa chake, kwamba muda wowote katika hiyo miwili atakaoutimiza asidhulumiwe, na akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mkimbizi asiye na pa kulala, hakuona aibu kusema muda na haki yake. Iweje mwanafunzi wetu aone aibu kuuliza atakaa kitengo gani?

Kwa hiyo kijana, kabla ya siku ya kwanza, au katika siku ya kwanza yenyewe, omba barua ya kukubaliwa, na ndani yake iwemo tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kitengo utakachokaa, na cheo cha atakayekusimamia. Uliza kwa adabu kama kuna nauli au chakula, ili usije ukasubiri kisichokuwepo. Uliza vifaa vya kujikinga: kofia ngumu, buti, miwani, ovaroli, ni vya kampuni au uje navyo? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama mahali pa kazi, na mashine inayokata mkono haiulizi kama uliyesimama mbele yake ni mwajiriwa au ni wa fildi.

SIKU ZENYEWE ZINAVYOKUWA

Wiki ya kwanza na ya pili ni nzito kwa sababu hakuna kazi. Wafanyakazi wana shughuli zao, msimamizi yuko mkutanoni, na wewe umekaa kwenye kiti cha pembeni kama mgeni wa posa. Ukiitwa, ni kutoa nakala, kupeleka faili ghorofa ya tatu, kufuata chai na maandazi. Vijana wengi wanavunjika hapo. Wanatoa simu mfukoni na hawairudishi mpaka jioni.

Usivunjike. Mchukua faili mwenye macho anajua baada ya siku kumi nani anamwandikia nani, hati gani inaanza na gani inafuata, na kwa nini mzigo unakwama. Anayefuata chai anajua majina ya watu wote. Halafu katika kila kampuni hakosekani mtu mmoja, mara nyingi fundi mzee au mama wa masjala, anayependa kufundisha na hajapata wa kumfundisha. Mtafute huyo. Mwamkie “shikamoo” kila asubuhi hata kama wenzako wanaona ni ushamba, kaa karibu naye, uliza swali moja moja, andika majibu. Mabosi wanabadilika, lakini mzee yule ndiye atakayesema siku nafasi ikitoka, “Yule kijana wa Kilwa alikuwa mzuri, mwiteni.”

Na hapa nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko yote katika makala haya, nalo ni logibuku. Pana mchezo umeenea, na wanafunzi Waislamu wamo, tusidanganyane. Mtoto ana mjomba kwenye kampuni, au ana rafiki mwenye muhuri. Anakaa nyumbani wiki nane, au anafanya biashara zake, kisha anaandika siku arobaini za kazi kwa usiku mmoja na kalamu mbili za rangi tofauti, mjomba anagonga muhuri, chuo kinatoa alama. Wazazi wanajua. Wengine wanasaidia, wanasema “ni karatasi tu.”

Saini ile ni ushahidi. Mjomba anashuhudia kwamba ameona, na hakuona. Mwanafunzi anashuhudia kwamba amefanya, na hakufanya. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiwatajia masahaba madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akainuka akakaa, akalirudia neno hilo mpaka waliokuwepo wakatamani lau angenyamaza. Kisha sisi tunaliita karatasi tu! Na madhara yake hayako Akhera peke yake. Fundi umeme aliyejaziwa logibuku ndiye atakayefunga nyaya katika nyumba ya mjane, na muuguzi aliyejaziwa ndiye atakayemchoma mtoto wako sindano. Kama hukufanya kitu siku hiyo, andika kwamba uliangalia, na ukipewa faili za kupanga andika ulipanga faili. Msimamizi mwenye akili akiona kitabu cha namna hiyo anakuamini.

SWALA

Wazazi wengi wanaogopa swala itapotea. Tufanye hesabu basi, maana Uislamu haukataa hesabu. Katika pwani hii, miezi hiyo ya fildi, Adhuhuri inaingia karibu na saa sita na nusu. Mapumziko ya mchana katika kampuni nyingi ni kuanzia saa saba. Swala ya rakaa nne na udhu wake haizidi robo saa, na chakula kinabaki na nafasi yake. Anayesema amekosa Adhuhuri kwa sababu ya kampuni, kwa kawaida ameikosa kwa sababu ya maongezi ya baada ya kula.

Hatari iko kwenye Laasiri. Inaingia kama saa kumi kasoro, kazi inakwisha saa kumi au kumi na moja, kijana anakimbilia gari, anasimama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, na anashuka Mbagala jua limeshazama. Dawa ni kuswali kabla hujatoka getini. Dakika kumi tu. Muulize msimamizi tangu siku ya kwanza mahali pa kuswalia, na umuulize kwa sauti ya kawaida, sio ya kunong’ona kama unaomba kuiba. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, na wasimamizi wengi, hata wasio Waislamu, humheshimu mtu anayeswali na kurudi kazini kwa wakati. Wanachokichukia ni anayetoka kwa jina la swala akarudi baada ya saa nzima ananukia chipsi.

Ijumaa inahitaji maelewano ya mapema. Omba ruhusa, fidia muda ule asubuhi au jioni. Na ukiwa katika zamu ambayo haiwezi kuachwa, kwa mfano umewekwa na fundi kulinda mtambo ambao ukiachwa unaleta hatari, wanazuoni wamempa udhuru anayelinda mali au nafsi inayohofiwa, ataswali Adhuhuri pale alipo. Lakini huo ni udhuru wa wachache, usijipe.

MABINTI ZETU

Kuna wanaosema binti asiende kabisa. Sikubaliani nao. Kilwa na Lindi nzima inahitaji wauguzi, wapimaji wa maabara na wahasibu wa kike, na mama zetu wanalalamika kila siku kwamba hospitalini wanahudumiwa na wanaume kwa mambo ya siri. Hao wahudumu wa kike watatoka wapi kama binti hafanyi fildi?

Aende, lakini tumwandae. Mavazi kwanza. Kwenye ofisi hakuna shida siku hizi. Kwenye karakana na kiwandani, mtandio unaoning’inia karibu na mashine inayozunguka ni hatari ya kifo, na mhandisi akiukataza haupigi vita Uislamu, anaogopa kukusanya maiti. Ushungi mfupi wa kushona, usio na ncha, uingie ndani ya kola na kofia ngumu ikae juu yake. Ovaroli aombe ya namba kubwa zaidi, isiyobana. Sharti la vazi letu ni kusitiri, kutobana na kutoonyesha, na hayo yanatimia.

La pili ni zito. Mwenye saini ana nguvu, na wapo wenye saini wasiomuogopa Mungu. Binti anaambiwa abaki baada ya saa za kazi “tumalizie ripoti,” au logibuku lake halisainiwi mpaka atoke naye kwa chakula. Mabinti wetu waambiwe wazi wazi, na mama zao ndio wawaambie: usikae peke yako na mwanamume katika chumba kilichofungwa, hata akiwa ni bosi na hata kama ana umri wa babu yako. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelitaja kosa la mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe haki ya mtu, na simu ya bure ya TAKUKURU ni 113. Akienda kusema, asikute nyumbani anaulizwa alivaa nini. Binti anayejua kwamba baba yake atamuamini ana ngao kubwa kuliko sheria zote.

KWA WANAOSEMA WABAKI NYUMBANI

Baadhi ya ndugu zangu walimu wanaona likizo ndefu ingefaa kijana arudi madrasa, na kwamba makampuni yanaharibu watoto. Nawaheshimu, na ninajua wanachokiogopa. Ila nawaomba watazame ramani ya wilaya yetu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Tangu mwaka 2004 inatoka kisiwani, inapita chini ya bahari mpaka Somanga, kisha zaidi ya kilomita mia mbili kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba la pili, linalotoka Mtwara na kuungana na la Songo Songo hapo hapo Somanga. Mtwara kiwanda cha saruji cha Dangote kilizinduliwa mwaka huo huo wa 2015. Kilwa Masoko, jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa Septemba 2023. Haya yote yamepita au yamesimama mbele ya macho yetu. Tukilalamika barazani kwamba ajira zinakwenda kwa wageni, tujiulize ni vijana wangapi wa Nangurukuru, Kivinje na Njinjo wameingia getini hata kwa wiki nane, wakajulikana sura. Geti la kampuni kubwa kwa mtoto asiye na mjomba linafunguka zaidi kwa fildi kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Na Mtume wetu (s.a.w.) kabla ya utume alisafiri na mali ya Bibi Khadija kwenda Sham, mali isiyokuwa yake, na uaminifu wake katika kazi ile ndio uliomfanya Bibi Khadija (r.a.) amtake. Hakuharibika kwa sababu alikuwa amelelewa kabla ya kutumwa. Kwa hiyo wenye wasiwasi na kijana wa miaka ishirini wamtazame akiwa na miaka kumi, yuko hapa hapa chuoni kwetu.

Hata hivyo kampuni si zote sawa. Ya pombe na ya kamari hatuna cha kujadili, ukikosa nyingine bora uombe chuo kikubadilishie. Benki ndizo zinazosumbua wanafunzi wa uhasibu, kwa sababu zinapokea wengi na zina mpangilio mzuri wa kufundisha. Lakini mwandishi wa riba ametajwa pamoja na mlaji wake. Siku hizi kisingizio kimepungua: Amana Bank ilianza mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, CRDB ilianzisha huduma yake ya Al Barakah mwaka 2021, na kuna ofisi za uhasibu za halmashauri, hospitali, viwanda na vyama vya ushirika. Peleka barua huko kwanza.

NENO KWA WENYE KAMPUNI

Najua jarida hili hufika pia kwa baadhi ya ndugu zetu walio na vyeo mjini, kwa hiyo na wao wapate lao. Kumfundisha mtoto wiki nane bila mshahara hakuna dhuluma, maana anachukua elimu. Dhuluma inaanza fildi inapokwisha, barua ya chuo imeisha muda, na anaambiwa “endelea kuja, tutakuangalia.” Anakaa miezi sita, miezi minane, anafanya kazi ya mtu kamili aliyestaafu, anafungua ofisi asubuhi na kufunga jioni, na nauli anaomba kwa mama yake anayeuza samaki wa kukaanga. Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na jasho la huyu limekauka mara mia mbili. Yule mzee wa Madyan alitaja miaka yake. Na nyinyi tajeni: tunakutaka miezi mitatu kwa posho hii, au hatuna nafasi, nenda salama. Jibu la hapana linamwezesha kijana kupanda basi arudi kulima ufuta wa msimu unaokuja.

Kwa wanafunzi wa mwakani, barua zianze kupelekwa mwezi wa Februari au Machi, na si kwa kampuni moja. Pelekeni tano au sita, maana nyingi hazijibiwi. Na kwa kuwa tatizo la kwanza la watoto wetu ni pa kulala, napendekeza madrasa iwe na daftari la wenyeji. Ndugu mwenye chumba au hata nafasi ya godoro Mbagala, Lindi mjini au Mtwara, anayeweza kumpokea kijana mmoja kwa wiki nane, akijua kabisa kwamba halipwi, aje aandikishe jina lake kwa mwalimu yeyote baada ya swala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.